Steringi ni yupi?

Picha ilikuwa imekwenda dakika 20 hivi mjomba alipoweka kikombe cha kahawa chini na kuuliza, "Mwanangu, steringi ni yupi hapa?"

Nikamwambia asubiri.

Akasubiri kweli. Alisubiri saa nzima na zaidi, mgongo ukutani, macho kwenye televisheni niliyoiunganisha na laptopu yangu. Wapanda farasi wawili, baba na mwanawe, walikuwa wakikata nchi isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Kofia, vumbi, silaha, upeo wa macho usiofikika. Nilimletea picha ile kwa sababu hiyo hasa. Mjomba ni mtu wa Majestic, ile sinema ya Vuga, hapa Unguja. Ujana wake ameuacha pale, na mpaka leo ukimtajia Django aliyekuwa akiburura jeneza matopeni atakusimulia mkasa mzima pamoja na milio ya bunduki.

Picha ilipokwisha hakusema nzuri wala mbaya. Alinyanyuka, akakaza msuli wake, akafika mlangoni, akageuka.

"Hujanijibu."

Akaenda kulala. Wiki sita zimepita tangu usiku ule, na swali lake linanifuata hadi kwenye foleni ya benki.

## Sheria za Majestic

Sina haja ya kueleza steringi ni nani. Wewe uliyekulia kwenye vibanda vya video unajua kwamba steringi hafi, kwamba risasi ikimpata itampata begani, na kwamba ukimkosa steringi mwanzoni mwa picha utakaa roho juu mpaka umpate. Tulipokuwa watoto tuligombana kabla ya kucheza: mimi steringi, wewe adui. Hakuna aliyekubali kuwa Mhindi Mwekundu. Mdogo kuliko wote ndiye aliyelazimishwa.

Picha niliyomwekea mjomba ni *Aferim!* ya mwongozaji wa Kiromania Radu Jude. Ilitoka 2015 na kumpa tuzo ya Dubu wa Fedha kwa uongozaji bora kule Berlin. Mwaka ni 1835, mahali ni Wallachia, nchi ambayo sasa ni kusini mwa Romania. Costandin ni mlinda sheria wa kijijini. Boyari mmoja, bwana mwenye ardhi na watu wake, amemtuma akamtafute mtumwa aliyetoroka. Costandin anamchukua kijana wake Ioniță ili ajifunze kazi.

Ukiangalia juu juu, ni picha ya kauboi kila kitu: safari ndefu, mwindaji na mwindwa, mabwana wanaojitungia sheria. Hata jina lake, neno lililotoka kwa Waturuki, maana yake ni kama kusema "hongera, umefanya vyema."

Na huyu Costandin anapendeza! Ana mithali kwa kila jambo, anaimba, anatukana, anakohoa, anamfundisha mwanawe ulimwengu kwa ubishi wa mtu aliyejihakikishia kila kitu. Marehemu Teodor Corban alimcheza kama mtu unayeweza kukutana naye kwenye baraza lolote. Mjomba alicheka. Nilicheka naye.

Kisha wakampata mtumwa. Jina lake Carfin, Mroma, mmoja wa wale wanaoitwa Jipsi. Wakamfunga na kumlaza juu ya farasi kama mzigo, na safari ya kurudi ikaanza.

"Sasa atamfungua," mjomba akasema.

Alisema kwa yakini, kwa sababu ndivyo picha zilivyomfundisha. Mwindaji huenda na chuki, kisha dakika za mwisho moyo humgeuka. Katika *The Searchers* ya John Ford, ya 1956, John Wayne anamsaka mpwa wake kwa miaka, na tunaogopa kwamba akimpata atamuua, kwa kuwa binti amekuzwa na Wakomanchi, kabila la Wahindi Wekundu. Anapomfikia anamwinua mikononi na kumrudisha nyumbani. Kwa mwinuo ule mmoja mtazamaji anasamehe mengi.

Carfin akaanza kuzungumza. Kumbe ameiona dunia kuliko hao waliomkamata, amefika miji ya Ulaya ambayo wao huisikia tu. Kosa lake ni mke wa boyari, naye anasema ni bibi mwenyewe aliyemtaka. Kijana Ioniță akaguswa. Akamwomba baba yake wamwache aende zake.

"Sasa atamfungua," mjomba akasema tena.

Costandin alikuwa na sababu. Ameahidi. Kazi ni kazi. Ila atamwombea kwa bwana wake, apigwe kidogo tu.

Mara ya tatu mjomba alisema maneno yale tukiwa tayari uani kwa boyari, sauti imeshuka. Hakufunguliwa. Boyari alimhasi Carfin mbele ya watu wa nyumba yake, kisha baba na mwana wakapanda farasi wakaenda zao.

## Mtoro

Nina jambo la kukiri kuhusu usiku ule. Tafsiri ya chini ya skrini ilikuwa ya Kiingereza, na mjomba hapendi kusoma akitazama, kwa hiyo nilikuwa namfasiria papo kwa papo. Nilipofika kwenye kazi ya Costandin nilisema, bila kufikiri, "Wanamtafuta mtoro."

"Mtoro wa shule?"

Nikafungua mdomo nimrekebishe. Lakini alikuwa ameshaelewa, nikaona alivyoacha kutafuna kashata.

Neno lile tumelifanya dogo. Leo mtoro ni mtoto wa darasa la sita anayeonekana ufukweni saa nne asubuhi. Pwani hii, kabla ya hapo, mtoro alikuwa mtu aliyekimbia umiliki wa mtu. Watoro walijificha misituni nyuma ya Malindi, wakajenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa maarufu kuliko vyote, na wengine wakakimbilia misheni ya Rabai. Waliwindwa. Neno likabaki, mwindaji akatoweka humo ndani, na tukawapa walimu walitumie kwenye daftari la mahudhurio.

Nilijiuliza kama Waromania nao wana neno kama hilo, lililofuliwa mpaka rangi ikaisha. Nikaanza kusoma.

Nilichokikuta kilinikalisha chini. Hati ya 1385 inataja familia 40 za Waroma zikikabidhiwa kwa monasteri ya Tismana, kama unavyokabidhi mashamba na vinu. Huo ndio mwanzo wa maandishi, na tangu hapo zinahesabiwa karne karibu tano. Walikuwapo watumwa wa mtawala, watumwa wa monasteri na watumwa wa maboyari. Moldavia, jirani ya Wallachia, iliwaachia huru wa mwisho mwishoni mwa 1855, Wallachia mwanzoni mwa 1856. Fidia ililipwa kwa waliokuwa mabwana.

Msomaji wa Unguja ataisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, amri ya kuondoa utumwa kisheria hapa ikaja 1897, na fidia ikapangiwa wenye watumwa. Bahari na milima tofauti, dini tofauti, na bado mkono unaolipwa ni ule ule.

(Waroma si Waromania, kama jina linavyoweza kukudanganya. Waroma ni watu ambao asili yao ni Bara Hindi, na wengi wao waliishi katika nchi hizo bila kuitwa wananchi.)

Kitu kingine kilichonishika ni kitabu. Mwaka 1853, mjini Iași, ilitoka kwa Kiromania tafsiri ya riwaya ya Kimarekani ya Mjomba Tom, na dibaji yake ikaandikwa na Mihail Kogălniceanu, mwanasiasa aliyekuwa akipigania kufutwa kwa utumwa. Wasomaji walikuwa wakililia watumwa wa Kentucky huku mpishi wao mwenyewe akiwa na bwana. Miaka miwili baadaye, sheria ya Moldavia ikapita. Kwa hiyo Marekani iliingia Romania ikiwa kioo, muda mrefu kabla ya kuingia na kofia na farasi.

## Elfu na nauli

Hata hivyo mjomba alitaka steringi, na nilikuwa nimemwahidi. Nikasema nitamtafutia wa haki, na kwa Waromania hao hao.

Sikuhangaika sana. Kati ya 1978 na 1981, Romania ya dikteta Ceaușescu ilitoa picha tatu za kauboi ambazo watu wa kule bado wanazitazama kwa mapenzi. Ya kwanza ni *Profetul, aurul și ardelenii*, yaani nabii, dhahabu na watu wa Ardeal, jina la Transylvania kwa wenyewe. Ikafuata ya msanii na dola, kisha ya mtoto mchanga na mafuta. Dan Pița aliongoza ya kwanza na ya tatu, Mircea Veroiu ya pili. Hadithi zote ni za Titus Popovici.

Ndugu wawili wa kijijini, Traian na Romi, wanafika Magharibi ya Marekani kumtafuta ndugu yao aliyetangulia. Wanamkuta anaitwa Johnny, na kichwa chake kina bei. Ilarion Ciobanu ndiye Traian, mzito kama gogo la mninga, mtu wa maneno matatu kwa siku. Mircea Diaconu ndiye Romi, mdogo, mwepesi wa kushangaa. Wamekuja na adabu ya kijijini kwao, ukaidi wao na mkono usiokosa shabaha.

Niliwapenda mara moja.

Nikafikiria jinsi zilivyotazamwa. Mwananchi wa kawaida wa Romania ya 1978 hakuwa na njia rahisi ya kupata pasipoti. Analipa tikiti, anakaa gizani, na kwa saa moja na nusu ndugu zake wanatembea Utah. Amerika yenyewe imejengwa nyumbani, ndani ya mipaka asiyoweza kuivuka. Serikali iliona picha za wakulima waaminifu wakiupima ubepari na kuuona umeoza. Sidhani kama aliyekaa kwenye kiti aliona hivyo tu. Nadhani alitazama barabara.

Tena hadithi ina mzizi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, Waromania wengi wa Transylvania, wakati huo ikiwa chini ya Austria-Hungaria, walikwenda Marekani kufanya kazi viwandani na migodini, Ohio hasa. Walikuwa na msemo wa lengo lao: *mia și drumul*. Nilipousikia nikacheka, kwa sababu kwa Kiromania *mia* ni elfu. Elfu moja ya dola, na nauli ya kurudia. Wengi hawakuirudia.

Na jina la ukoo la ndugu hao ni Brad. Brad ni aina ya mti, wa jamii ya misonobari, unaosimama kwenye milima yao. Brad pia ni mji wa wachimba dhahabu katika milima ya Apuseni, wenye makumbusho ya dhahabu. Pița na Veroiu waliijua dhahabu hiyo kabla ya kumsikia nabii yeyote wa Utah. Mwaka 1972 walitengeneza pamoja *Nunta de piatră*, kutoka hadithi za Ion Agârbiceanu, na sehemu yake ya kwanza inamhusu mjane anayebeba mawe ya mgodini na farasi wake, safari baada ya safari, huku watoto wakimfia. Waongozaji hao hao wawili, dhahabu ile ile. Nyumbani walimwonyesha mwanamke na farasi aliyechoka. Ughaibuni farasi wakawa wepesi.

Hapo shaka yangu ya kwanza ilianza, ila niliisukuma kando. Nilikuwa na furaha ya kumpelekea mjomba zawadi.

## Maharamia wema

Kabla ya kauboi walikuwapo mahaiduki, na hawa ndio Waromania wenyewe wanaowataja ukiwauliza kauboi wao ni nani. Haiduki alikuwa mtu aliyeingia msituni, akamnyang'anya boyari na mkusanya kodi, akampa maskini. Dinu Cocea alianza na *Haiducii* mwaka 1966 na kuendelea na msururu wake mpaka 1971, akatupa Florin Piersic aking'ara kama Anghel Șaptecai, jina lenye maana ya farasi saba. Piersic huyo huyo alirudi mwaka 1980 kama Mărgelatu, mwenye kofia pana na bastola, anayetafuna mbegu huku akisubiri adui zake.

Mărgelatu nilimwonyesha mjomba kwa simu, dakika tano tu. "Huyo," akasema papo hapo. "Huyo ni steringi."

Sikupaswa kuumia. Lakini niliumia, na ilinichukua siku kadhaa kujua kwa nini.

Katika picha zote hizo adui ni boyari au mwenye nguvu mwingine. Mtazamaji wa Kiromania anapanda farasi wa mnyonge: mkulima aliyeonewa, mhamiaji aliyedhulumiwa, jambazi mwenye huruma. Na si uongo. Wakulima wao walionewa kweli kweli. Mwaka 1784 Horea, Cloșca na Crișan waliinua wakulima wa Transylvania, na mauti yao yalikuwa ya kutisha. Ila katika nilizozitazama, yule aliyekuwa chini ya mkulima, aliyeuzwa gulioni pamoja na sufuria alizozifua, sikumkuta katikati ya hadithi. Yupo pembeni na fidla.

Na hata Amerika yao haikuwa yao peke yao. Karne ile ile ya 19, baada ya kuachiwa huru, Waroma Wakalderash, mafundi wa shaba, walitawanyika kutoka nchi hizo za Waromania, na wapo waliovuka bahari. Wana wa watumwa nao walifika Marekani. Picha ya kauboi ya hao sijaikuta.

## Milima ya kukodi

Hapa nitapita haraka. Nchi ya Romania yenyewe imekuwa mwigizaji wa Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Hadithi za James Fenimore Cooper zilipigwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya televisheni za Ujerumani na Ufaransa, Sergiu Nicolaescu akiwa mmoja wa waongozaji. Wajerumani Mashariki walikuja na Gojko Mitić wao, Mserbia aliyecheza machifu wa Wahindi Wekundu miaka nenda rudi. *Cold Mountain* ya 2003, vita vya wenyewe kwa wenyewe na milima ya North Carolina, ilipigwa Carpathia. *Hatfields & McCoys* ya 2012, Kevin Costner akiwa na ndevu zake, vivyo hivyo. Ukoo wa Kentucky na ukoo wa West Virginia wakachinjana karibu na Brașov.

Ni kazi halali, na mafundi wa kule ni hodari. Lakini jaribu kuwazia mlima unaoambiwa kila mwaka ujifanye mlima mwingine.

Kisha anakuja Jude, anachukua farasi wale wale na kofia zile zile, anaiambia ardhi: safari hii jifanye mwenyewe.

## Habar n-am

Jioni moja, nikiwa bado sina jibu, nilikuwa nikijaribu kufuatilia Kiromania kwa sikio, na nikakutana na sentensi ndogo inayotumika kila siku: *habar n-am*. Maana yake, sijui kabisa. Neno kwa neno: sina habari.

Niliganda.

Nikaendelea kuchimba. *Musafir*, kwao, ni mgeni aliyefika nyumbani. Kwetu msafiri bado yuko njiani. *Mahala* ni mtaa wa pembezoni. *Hamal* ni hamali, mbeba mizigo yule yule. *Chibrit* ni kiberiti. *Bacșiș* ni bakshishi. Kwao yamepita kwa Waturuki wa Istanbul, kwetu yameletwa na mitepe na majahazi, lakini mengi chanzo chake ni Kiarabu kimoja. Na Kiromania cha zamani alichokitumia Jude kimejaa masalia ya Kituruki hivyo, kiasi kwamba nyakati nyingine sikio langu lilitangulia tafsiri.

Nilimpigia mjomba simu kumwambia kuhusu habari na hamali. Alifurahi sana, akayarudia maneno yote mawili matatu. Kisha akanyamaza, akauliza, "Na mtumwa wanamwitaje?"

"*Rob*."

"Hilo siyo letu."

"Siyo letu, mjomba."

"Basi hilo walikuwa nalo wenyewe," akasema. "Kama sisi tulivyokuwa na letu."

Simu ile ndiyo iliyonigeuza. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kumtafuta steringi ndani ya picha, wakati mjomba hakuwa akiuliza hilo peke yake. Kwenye Majestic, kumjua steringi kulikuwa kujua ukae wapi. Steringi ni farasi unayepanda. Ukishampanda, unakwenda anakokwenda, unalenga anakolenga, na unacheka utani wake.

Nami nilikuwa nimepanda farasi wa Costandin.

Tangu dakika ya kwanza. Nilicheka mithali zake. Nilimwonea huruma kwa kikohozi chake. Alipomkamata Carfin nilipumua, kwa sababu kazi ilikuwa imekwenda vizuri. Niliposema "wanamtafuta mtoro" nilikuwa nimeshachagua neno la mwindaji. Yule Carfin, angeulizwa, angesema anakwenda zake. Jude hakuniteremsha kwenye farasi yule hata mara moja. Aliniacha juu yake mpaka uani kwa boyari, nikaona kile nilichosaidia kukileta.

Kuna mahali Costandin anawaza kama watu wa karne zijazo watawakumbuka kwa wema. Mara ya kwanza nilisikia mzee mwenye busara. Niliporudia kuitazama peke yangu, na Carfin akiwa amefungwa karibu yake, nilizima laptopu nikatoka nje.

Katika ukoo wetu kuna hadithi za mashamba ya karafuu, za babu aliyefika Muscat na kurudi, za harusi zilizochukua siku saba. Sijawahi kusikia aliyechuma karafuu hizo alikuwa nani, wala alilala wapi. Sijui tulikuwa upande gani wa kamba. Inawezekana pande zote mbili, kama koo nyingi za hapa. Hakuna aliyewahi kulisema barazani, na mimi sikuwahi kuuliza.

## Pale gulioni

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa mjomba baada ya sala. Nilikuwa na jibu langu tayari, nimelipanga vizuri, lenye farasi na yote hayo. Shikamoo, marahaba, kahawa.

Hakunipa nafasi ya kulitoa. "Ile picha yako unayo?" aliuliza. "Niwekee pale gulioni."

Kwa wasioiona: Costandin na Ioniță hawakumkamata Carfin peke yake. Wanarudi pia na mtoto, mtumwa mdogo aliyetoroka, na njiani wanapita kwenye gulio na kumuuza.

Nikatafuta, nikaweka. Tukatazama. Kelele za gulio, watu wanapita na shughuli zao, mtoto anabadilishwa mikono.

"Mara ya kwanza sikumwona huyu," mjomba akasema. "Nilikuwa namsubiri yule mkubwa afunguliwe."

Sikumjibu. Nimeandika kurasa na kurasa za kumbukumbu wiki hizi sita, kuhusu Carfin, kuhusu Costandin, kuhusu ndugu watatu wa Transylvania na milima yao. Yule mtoto sikuwa nimemwandika hata mstari mmoja.

"Anaitwa nani?"

"Țintiric."

"Tsi..."

"Tsintirik."

Alilirudia polepole mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akauliza, "Wakishamuuza, picha inaonyesha anakwenda wapi?"

"Haionyeshi, mjomba. Wanaondoka, na sisi tunaondoka nao."

Akavuta kigoda karibu na televisheni.

"Rudisha nyuma," akasema. "Wakiondoka, simamisha."